Msusi wa Ghorofa ya Pili na Albamu Yake Moja

Ninyi vijana mliozaliwa huku, mnaosoma Kiswahili kwa kidole huku midomo ikitembea, haya nawaandikia ninyi. Wakubwa wenzangu wanajua nusu ya habari hii, na hiyo nusu niliwapa mimi, nayo ilikuwa mbaya. Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno makubwa. Mjukuu wangu Zawadi ndiye anayeyapiga chapa, na nimemkataza kurekebisha.

Namwandika mwanamke mmoja wa hapa Thamesmead, huku kwa Waingereza, tuliyekaa naye jengo moja miaka kumi na tatu. Yeye ghorofa ya pili, mimi ya nne. Jina lake silitaji. Mengine yote ameniruhusu. Wote tulimwita Msusi, na hata barua yake ikipotea ikaingia kwangu nilisema, "Hii ya Msusi, mpelekeeni." Kazaliwa wapi na nani, hayo sikuuliza, wala si kazi yangu. Ninachojua ni mikono yake, kiti chake, na ile albamu yake ya Kimarekani. Na najua kwamba mimi, kwa mdomo wangu huu, nilimwondolea kazi.

Alisukia nyumbani, sebuleni. Kiti kimoja cha jikoni, kioo kikubwa ukutani mbele yake, chanuo la mkia, kopo la mafuta, na nywele za bandia zimening'inizwa juu ya mlango. Jumamosi mlango haukufungwa kwa ufunguo. Ukipiga hodi hakuitikia. Waliomzoea walisukuma tu wakaingia. Simu hakupokea. "Niandikie," alikuwa akisema, "usinipigie." Watu wakasema anawaogopa watu wa uhamiaji. Mimi nikasema anajiona bosi.

Kwake ulikaa wima. "Nyoosha shingo. Tazama kioo." Ukiweka kikombe cha chai mbele ya mdomo, anakiondoa. Ukiinamia simu, anakuinua kidevu kwa kidole chenye mafuta. Zawadi alikuwa na miaka sita nilipoanza kumpeleka, na mpaka leo anakaa kama yuko kwenye gwaride.

Lakini mkono ule! Zawadi ana ngozi laini ya kichwa. Mama yake akimsuka, ghorofa nzima ilijua kwa kilio. Kwa Msusi alilala usingizi mpaka udenda unamtoka. Njia alizogawa zilinyooka kama zimepigwa rula, na twende kilimanjaro yake ilikaa mwezi bila kufumuka. Ukipanda basi ukaona kichwa cha mtoto kimetulia, ulijua huyu katoka ghorofa ya pili.

Sasa muziki. Sakafuni, chini kabisa ya kile kiti, alilaza spika juu ya mbao. Hapo ilipigwa albamu moja, siku zote, mwaka baada ya mwaka. Ya rapa wa Amerika, wa kule kusini kwao, ambako Zawadi anasema watu hutamka maneno polepole na kufunga spika kubwa nyuma ya magari. Kwenye kasha palikuwa na picha ya jamaa kakaa barazani kwenye nyumba ya mbao, kiti cha plastiki, miguu peku, na pembeni ile nembo nyeusi ya kuwaonya wazazi. Nyimbo kumi na saba. Ngoma yake nzito, ya pole. Inapiga, inangoja, inapiga tena. Unaipata kwenye nyayo kabla haijafika masikioni, kisha inapanda kwenye miguu ya kiti mpaka kwenye meno.

Saa ya ukutani hakuwa nayo. Alipima kazi kwa albamu. Ukimuuliza mtamaliza lini anakuandikia, "Mara mbili na nusu," yaani albamu itazunguka mara mbili, kisha ifike katikati. Mabutu ya mtoto mdogo, nyimbo nne. Twende kilimanjaro, mara moja. Rasta ndogondogo za kufika mgongoni, mara nne, na uje na chakula chako. Tulizoea wote. Binti yangu akiwa zamu kazini alikuwa akiniandikia, "Mama, kamchukue Zawadi wimbo wa kumi na tano," na mimi mwanamke mzima nashuka ngazi nimeweka kiganja ukutani, natafuta ni wimbo wa ngapi.

Wimbo wa kumi na moja hauna ngoma. Kuna kinanda tu, na yule jamaa anaongea kwa sauti ya chini habari za mvua iliyoharibu mtaa wao. Wimbo huo ukifika, Msusi alikuwa anasimamisha mikono. Anaitazama spika. Anainama, anaigusa kwa kiganja, anangoja. Tulinyamaza wote, tukidhani una habari inayomuuma. Mama mmoja, mwepesi wa machozi, alilia kila ulipofika wimbo wa kumi na moja kwa kumhurumia Msusi.

Kiingereza changu mimi ni cha basi na cha dukani. Ilipita miaka kabla sijamuuliza Zawadi, "Huyu mtu anasema nini?"

"Bibi, you don't want to know."

"Nataka."

Akanitafsiria mistari miwili, macho chini. Nikamwambia basi, yatosha.

Na mwanamke huyuhuyu hakuruhusu tusi nyumbani kwake. Siku moja Zawadi, ana miaka kumi na miwili, nywele zilivutika akasema neno kimoyomoyo, midomo tu. Mimi niliyekaa karibu naye sikusikia kitu. Chanuo likatua begani.

"Kwangu hapana," Msusi akasema. "Nimekuona."

Wakati huo yule jamaa wa sakafuni alikuwa keshalisema neno hilohilo mara sita kwenye wimbo mmoja. Nikamwambia kwa nyuma, "Na huyo aliyeko chini je, naye humpigi chanuo?" Hakunijibu. Akaendelea kusuka. Nikasema huyu ananidharau.

Sifa yake kubwa lakini ilikuwa siri. Hakuna mwanamke ambaye hakumwaga ya kwake kwenye kile kiti. Mume, wifi, karatasi za ukaazi, mimba isiyotarajiwa. Msusi alijibu, "Ndo hivyo," au, "Mungu anajua," au, "Pole, mwaya." Halikutoka neno hata moja kwenda kwa jirani, na sisi hapa tunajuana mpaka rangi za mapazia. "Yule ni kaburi lenye chanuo," alisema mama mmoja wa Kikenya. Siku nyingine mama huyo alimsimulia kichekesho kirefu, mumewe alivyoteleza akakalia keki ya harusi ya watu. Sisi mbavu hatuna. Msusi akamtazama kwa huruma: "Pole sana. Mungu anajua." Jibu hilo tulilicheka kuliko keki.

Basi, kaka yangu akafariki nyumbani. Sikuweza kusafiri, goti lilikuwa limepasuliwa wiki ileile. Nikaweka matanga hapahapa sebuleni, godoro chini, siku tatu. Watu walikuja. Msusi naye alikuja na sufuria la pilau, akakaa mkekani mbele yangu. Mimi nimejifunika khanga mpaka puani, kama nilivyofundishwa kumlilia mtu. Nikamsimulia. Kaka alivyoanguka mlangoni, alivyoniita mimi niliyekuwa mbali, akawaacha waliokuwa karibu. Nilikuwa sijamsimulia mtu mwingine.

Msusi akaitikia kwa kichwa. Akasema, tena kwa sauti kubwa: "Vizuri. Vizuri sana. Mungu azidishe."

Watu wote wakamtazama.

"Azidishe nini?" akauliza mama mmoja, naye kajifunika kama mimi.

Msusi akamgeukia akatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililonimaliza.

Nilimngoja aje aniombe radhi. Siku zikapita, hakuja. Wiki ya tatu lifti imekufa, napanda ngazi na mifuko, yeye yuko mbele yangu hatua tano sita. Ni mdogo kwangu yule. Alitakiwa ageuke, anipe shikamoo yangu, anipokee na mfuko mmoja. Nikakohoa. Nikaita, "Jirani." Nikaita tena. Akafungua mlango wake, akaingia, akafunga. Nikabaki pale kwenye ngazi, goti linawaka, nikasema basi.

Akina mama tunakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi, ukumbi wa kanisa. Nilisimama. Nikasema Msusi ana kiburi, kaufurahia msiba wangu mbele ya mashahidi, hajui salamu, na watoto wetu wanakalishwa saa tatu juu ya matusi ya Kimarekani. Nikamwita Zawadi atafsiri ile mistari miwili. Akakataa. Nikamkazia macho. Akatafsiri, kisha akatoka nje na hakurudi.

Hakuna aliyemtetea Msusi. Ya kwao wote alikuwa kayatunza, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo.

Kiti kilianza kukaa kitupu. Nilijua kwa ukuta. Jumamosi ya kwanza ngoma ilipiga mara mbili, baadaye mara moja, baadaye nusu, kisha ukuta ukawa ukuta. Zawadi na mdogo wake Tumaini wakawa wanasukwa dukani, wanarudi nyusi zimepanda kwa kubanwa. Siku moja nilimwona Msusi kituo cha basi kavaa fulana ya kampuni ya usafi. Nikageuka nikasoma ratiba ya basi ambayo naijua kwa kichwa. Msinidhanie nilifurahi. Nilikuwa nimechoka tu. Kinyongo kinataka kulishwa kila siku kama mgonjwa, na mimi nimelea watoto, nimelea wajukuu, nimedeki ofisi za watu miaka ishirini. Nguvu ya kulea na hicho sikuwa nayo, na bado nilikilea mwaka na nusu.

Baridi iliyopita nilikwenda hospitali kuangaliwa goti. Ukumbi wa kungojea ni mmoja, watu wa mifupa na watu wengine wote. Viti vimejaa. Nikamwona Msusi kwenye kile kinachotazama dirisha, mgongo kwa nesi. Nesi akatoka na faili, akaita jina lake lile la kwenye karatasi, kaliharibu kama wanavyoyaharibu majina yetu. Msusi hakugeuka. Akaita mara ya pili, na ya tatu, kwa sauti ya kuamsha wodi. Nikasema moyoni, kiburi mpaka kwa nesi!

Nesi akawa anaweka faili pembeni. Nikatazama mlango aliotokea. Juu yake kuna kibao, na kwenye kibao pamechorwa sikio.

Nikalitazama lile sikio. Niliwaza khanga yangu, mdomo wangu ulikuwa ndani ya khanga. Niliwaza zile ngazi, mimi nikiwa nyuma yake. Nikainuka na fimbo yangu. Sikumgusa begani. Nilizunguka mpaka mbele, nikasimama penye mwanga wa dirisha.

Aliruka juu kama mtoto wa shule. "Shikamoo, mama."

Mwaka na nusu naingoja shikamoo hiyo. Ilivyokuja ikanichoma. "Marahaba," nikasema. "Wanakuita."

Alipotoka alinikuta nimekaa palepale. Zamu yangu ya goti ilikuwa imepita, wakanipangia siku nyingine.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Kabla hujanijua. La kushoto halijawahi kusikia. La kulia lilikuwa linapungua kama betri."

"Na mashine hawakukupa?"

Akatoa kiboksi mkobani akanionyesha, viwili, vidogo kama maharage. "Ninazo. Nikiinamia kichwa cha mtu zinapiga mluzi. Na mteja akiziona ananyamaza. Mama, mtu haji kusukwa tu. Anakuja kusema. Nani atamlipa kiziwi amsimulie habari za mumewe?"

"Yaani siri zetu zote…"

"Sikupata kitu!" Akaanza kucheka, mabega yanatikisika, watu wakatutazama. "Anayetazama kioo nampata nusu. Anayeinama, ndo hivyo, Mungu anajua. Yako moja niliipata."

"Ipi?"

"Ndo hivyo," akasema.

Nikamuuliza ule muziki. Akasema alijaribu taarabu, akajaribu kwaya, akajaribu dansi la Wakongo, magitaa hayakumfikia. Mteja mmoja akasahau ile CD kwake. "Nikaiweka, sakafu ikasema. Nikajua redio inapiga, watu hawataona kwangu kumepooza. Nikajua saa ngapi. Mikono ikajua iende vipi. Kwani mle anasema nini?"

"Matusi."

"Mengi?"

"Mengi."

"Ya Rabi!" Akashika kichwa. "Na watoto wale!"

"Na wimbo wa kumi na moja? Ule unaousimamia?"

"Upi? Mimi pale siku zote nadhani umeme umekatika."

Nikacheka mpaka goti likauma. Kisha hatukucheka tena. Akaniambia ile siku ya matanga alidhani namshukuru kwa pilau. Aliwaona watu wanavyomtazama, akajua kaharibu, hakujua kaharibu nini. "Nikaogopa kuuliza. Ningeuliza, ningelazimika kusema kwa nini sikusikia."

"Nimekukosea," nikasema. Nilikuwa natazama sakafu.

Akainama mpaka akaupata uso wangu. "Rudia. Sijaona."

"Nimekukosea."

"Haya," akasema. Hakusema si kitu, maana kilikuwa kitu. Wale wa usafi walimtaka achukue na zamu za Jumamosi. Alikuwa amewaomba wamngoje mpaka mwisho wa mwezi. Ikiwa hakuna vichwa, kiti anakitoa na kioo anakiuza.

"Jumapili nitasimama niwaambie," nikasema.

"Uwaambie nini? Kwamba mimi kiziwi? Hapo utakuwa umenimaliza kabisa."

"Watauliza kwa nini nimegeuka."

"Ulipowaambia mimi mbaya, waliuliza sana?"

Jumapili nilisimama. Nikasema nilimsema Msusi vibaya, na haikuwa kweli. Wakauliza imekuwaje. Nikasema nimemaliza. Wakapiga makofi kidogo, ya adabu, wakaendelea na habari ya jozi za khanga za sare. Wengine walidhani uzee umenishika. Jumamosi niliweka kiganja ukutani tangu asubuhi. Ukuta haukusema kitu. Jumamosi ya pili hivyohivyo. Mwezi ulikuwa umebaki na Jumamosi moja.

Ijumaa saa kumi na mbili jioni niliwakuta sebuleni wote watatu. Zawadi ana rasta mpya za dukani, siku mbili tu kichwani. Tumaini naye kasukwa hukohuko. Mama yao kavaa wigi lake la kazini, miguu juu ya stuli. Mimi nina kitambaa changu cheusi kichwani, ambacho tangu matanga sikuwahi kukitoa mbele ya mtu.

"Zimeni televisheni," nikasema. "Leteni machanuo na mkasi. Zawadi, fumua hizo nywele."

"Bibi, nimesuka juzi!" Kwa mshtuko ikamtoka kwa Kiswahili.

"Sikuuliza umesuka lini. Fumueni nyote watatu, mpaka ya mwisho, na mimi mnifungue hiki kitambaa. Kesho saa nne asubuhi tunashuka ghorofa ya pili, wa kwanza kukaa ni mimi. Na tukimaliza, mtu asiguse lifti. Tutapita korido zote za jengo hili kwa miguu, vichwa wazi, na kila mlango wenye mama wa kwetu mtagonga na kumpa shikamoo."